Kibuyu Kilichotoka Kamachumu

Wanajumuiya wenzangu wakisimulia habari za shetani humpa mapembe, mkia na sauti ya kutisha. Mimi nimeishi hapa Kaagya miaka mingi, na shetani nimemjua, lakini pembe sijaziona. Yule aliyekuwa akija nyumbani kwetu ana adabu zake. Hupiga hodi, huulizia hali ya mifugo, huketi pale alipoonyeshwa, kisha husema, "Onja kidogo tu, usitudharau." Mwenye mapembe ungemfukuza kwa mchi na majirani wakakusaidia. Huyu unamletea kiti na kumuuliza kama amekula.

Mume wangu, Rwegasira, alikuwa fundi wa lubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nikisema fundi simsifu kwa kuwa ni wangu. Watu walitoka Kashozi, wengine Izimbya kule mbali, kuja kumwomba awatengenezee pombe ya harusi. Ndizi zikishaiva alizikanyaga mwenyewe ndani ya mtumbwi wa mti aliorithi kwa baba yake, akachanganya na mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya migomba. Asubuhi yake hakuanza kwa kuonja. Aliinama akatega sikio. Pombe inayochacha hutoa sauti, kama watu wanaonong'ona chumba cha pili, na Rwegasira kwa kusikiliza tu alijua kama imekwisha kuiva au bado inataka usiku mmoja zaidi. Kuonja kulifuata baadaye, ila kwake kuonja hakukuwa na mwisho.

Sitaki kueleza yote. Aliyeishi na mlevi anajua, na ambaye hajaishi naye amshukuru Mungu. Nitasema moja tu. Siku binti yetu Georgina alipopokea kipaimara, baba yake aliingia kanisani Askofu akiwa katikati ya mahubiri, akaitikia "Amina" pale ambapo hapakuwa na Amina, kisha akaketi kwenye benchi la masista. Watu walicheka. Georgina hakucheka wala hakulia. Alitazama mbele tu, shingo imekakamaa, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliumia kuliko kama ningepigwa.

Ijumaa Kuu iliyofuata tulipanga mstari kwenda kuabudu msalaba. Watu hupita mmoja mmoja, wanabusu, wanaondoka. Rwegasira alipofika alipiga magoti, akaushika msalaba kwa mikono miwili na hakuuachia. Mstari ukasimama. Katekista akamgusa bega. Ndipo aliposema, tena kwa sauti ya kawaida kama anazungumza na jirani, "Bwana, sinywi tena." Kisha akainuka akaenda kukaa kwenye benchi letu, safari hii bila kukosea.

Basi vita vikaanza hapo. Shetani hakukata tamaa hata kidogo. Miezi michache baadaye alimtumia shemeji yangu Rugaibula, mdogo wake Rwegasira, mtu mwema ambaye ulimi wake hauna breki. Alimwita kwake kuonja pombe mpya, kuonja tu, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye kujua. Rwegasira akaonja. Alirudi siku ya tatu bila viatu. Mara ya pili ilikuwa msibani, na huko nako kulianza kwa tone moja la heshima kwa marehemu. Tangu hapo akaelewa kwamba kwake tone na pipa ni kitu kimoja.

Padre alimwambia jambo ambalo nililipenda sana. Alisema katika vita vya kiroho Mungu hatafuti mashujaa wa kusimama njiani na kutunisha kifua. Mwenye akili akijua adui anapita wapi, hubadili njia. Rwegasira akabadili njia. Alikata ndizi zote za pombe kwenye kibanja chetu, shamba linalozunguka nyumba, akapanda matoke ya kupika, na majirani wakasema amerukwa na akili, maana kibanja cha Mhaya bila ndizi za pombe ni jambo la kusikitisha. Ule mtumbwi wa baba yake aliuburuta hadi bandani, na mpaka leo ndama wananywea maji humo. Akienda Bukoba mjini siku za soko hakaribii vijiwe vya zamani. Anakaa dukani kwa Muhidini, anayeuza vitenge karibu na msikiti, anakunywa chai ya tangawizi hadi gari linapoondoka. Muhidini humtania kwamba yeye ndiye Mkatoliki pekee anayekimbilia kwa Waislamu akiwindwa na shetani. Rwegasira anajibu kwamba anakwenda mahali ambapo hakuna atakayemkaribisha pombe, na katika mji mzima hapajui pengine.

Miaka minne ikapita hivyo, na nyumba yetu ikawa nyumba. Mimi niliacha kusikiliza hatua zake njiani ili nijue zinakuja vipi. Nilinenepa. Georgina, ambaye sasa ni muuguzi katika zahanati moja kule Kamachumu, wilaya ya Muleba, alianza kuja likizo na kukaa hadi siku ya mwisho. Zamani alikuwa akikumbuka shughuli ya ghafla.

Likizo moja alikuja na habari za Datius, fundi wa umeme wa jua, mtoto wa mzee Kahangwa wa huko huko Kamachumu. Kijana mtulivu, anayesali, asiyejua kusema maneno mengi. Mshenga wao, mwalimu mstaafu aitwaye Audax, alikuja mara kadhaa, mahari ikazungumzwa na kukubaliwa bila magomvi. Likabaki jambo moja tu, nalo ndilo lililoninyima raha: pombe ya wakwe.

Kwetu mambo huenda hivi. Wakwe wanaleta lubisi yao ndani ya kibuyu cha heshima. Mshenga anavuta kwanza kwa mrija, kuonyesha kwamba haina sumu. Kisha anampa baba wa binti. Baba akinywa, amekubali, na ukoo wake wote unaweza kunywa. Asipokunywa hakuna anayegusa, na wakwe wanaondoka wakiwa wamekataliwa mbele ya watu. Mahari ilipwe au isilipwe, kinywa cha baba ndicho kinachosema ndiyo.

Rwegasira alipokumbushwa alikwenda kupogoa migomba ambayo haikuhitaji kupogolewa. Mimi nilimfuata. Nilimwambia wazi kwamba naogopa. Naogopa akinywa, na naogopa asiponywa, kwa sababu mtoto yule tumekwisha kumwaibisha kanisani, tukimwaibisha tena kwenye uchumba wake sijui tutamtazama vipi. Alisema na yeye hajui. Tukasimama pale kama wanunuzi waliosahau walichofuata sokoni.

Rugaibula ndiye aliyekuja na dawa. Yeye ndiye msemaji wa familia, na nadhani dhamiri ilimsuta kwa ile habari ya viatu. Alisema ndizi zikikamuliwa, yale maji yake matamu kabla hayajachacha yanafanana kabisa na pombe: rangi ile ile, uzito ule ule, na watoto wanayanywa. Amekwisha kuzungumza na mshenga kwa siri. Audax ataweka maji matamu ndani ya kile kibuyu cha kwanza, mitungi mingine ibaki na pombe ya wageni. Rwegasira atavuta, ukoo utashangilia, na ahadi yake kwa Mungu itabaki nzima. Mzee Kahangwa mwenyewe haambiwi.

Tulifurahi, tena sana. Rwegasira alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mambo ya uchumba yaanze. Mimi niliwasha mshumaa mbele ya Bikira Maria, nikashukuru kwa akili za shemeji yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla.

Sasa sikilizeni kosa lililofanyika, na mniambie kama kuna kabila jingine lingeweza kulifanya. Audax alikamulisha maji yake jioni ya kuamkia safari, mazuri, masafi. Alikuwa na kidumu kipya cha plastiki, kimeoshwa, kimekauka. Lakini Mhaya aingie kwa wakwe na kidumu cha plastiki! Ajenge jina lake miaka yote hiyo, kisha watu wa Kaagya wamwone anamimina heshima ya ukoo kutoka kwenye kidumu! Hapana. Akaomba kwa Kahangwa kile kibuyu cha babu, chenye shingo ndefu iliyosukiwa shanga, na humo akayamimina maji yake usiku ule ule. Kibuyu kile kimebeba pombe kwa vizazi. Hata ukikisuuza wiki nzima, pombe imekwisha kuingia kwenye ngozi yake. Ukikitilia maji matamu, kinayafundisha kazi.

Asubuhi wakaondoka Kamachumu. Gari likatoboka gurudumu pale Kyetema, wakakaa juani wakisubiri fundi, na kibuyu kikakaa juani pamoja nao, kimevikwa jani la mgomba na utepe.

Walifika mchana umekwisha kugeuka. Uwanja wetu ulikuwa umefagiwa, viti vimepangwa chini ya turubai alilotuazima Muhidini, ambaye pia alimtuma mkewe Siti na birika kubwa za chai kwa ajili ya watoto na wasiokunywa. Mzee Kahangwa alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho ya kupima, na nilimwona akiitazama nyumba, kibanja, banda, kila kitu, bila kusema neno. Alisimama kidogo mbele ya ule mtumbwi wa ndama. Nilidhani anadharau. Wazee wetu waliketi upande mmoja, wa kwao upande wa pili, na sisi wanawake pembeni kwenye mikeka. Georgina alikuwa ndani na wenzake, nyuma ya pazia, akingoja kuitwa.

Maneno ya mwanzo yalikuwa marefu kama ilivyo kawaida. Rugaibula akatania, Audax akajibu utani, watu wakacheka. Kisha kibuyu kikaletwa. Audax akapiga goti, akavuta kwa mrija. Nilikuwa nikimtazama, nikaona nyusi zake zinapanda kidogo halafu zinashuka. Akameza. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni, akasimama na kumkabidhi mume wangu kibuyu kwa mikono miwili.

Rwegasira alikipokea kwa furaha. Akashika mrija, na mrija ulipopanda kidogo nikaona ncha yake ina povu. Maji matamu hayatoi povu. Yeye aliliona kabla yangu. Mkono wake ukasimama. Halafu akafanya jambo ambalo watu wote wa Kaagya waliokuwapo walilijua, maana walimwona akilifanya miaka yote ya ufundi wake. Akainua kile kibuyu taratibu, akakiweka sikioni.

Wageni walidhani ni mila yetu. Sisi tulijua anasikiliza nini.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Rugaibula, aliyekuwa ameketi karibu naye, akamnong'oneza kwamba ni ile yetu, anywe tu, na alisema kweli kwa jinsi alivyojua. Hapo ndipo nilipotambua shetani amekaa wapi siku hiyo. Rwegasira alikuwa na sababu zote mkononi. Aliambiwa ni maji matamu. Angevuta, angemeza, na hata padre asingemlaumu, kwa kuwa nani angejua alichokisikia? Mungu, yeye, na mimi. Binti angeolewa, ukoo ungeshangilia, na kesho yake tungeanza kutafuta viatu. Nilianza Salamu Maria nikaipoteza katikati, nikaianza upya, nikaipoteza tena pale pale.

Akakishusha kibuyu. Akakiweka chini polepole, si kwa kukibwaga, akakifunika mdomo kwa lile jani. Akasimama.

"Wakwe zangu, waitu, mnisamehe," alisema, kwa lile neno letu la heshima. "Tulipanga kuwadanganya. Ndani ya kibuyu hiki tulitia maji matamu, mimi ninywe mbele yenu mdhani nimekunywa lubisi. Kibuyu kimekataa uongo wetu. Hii imechacha."

Audax akainama kutafuta kitu chini ya kiti, na sijui kama alikipata.

"Mimi nilikuwa mlevi," Rwegasira akaendelea. "Watu hawa wote wanajua. Nilimwahidi Mungu nikiwa nimeshika msalaba wake. Nikinywa hii, Datius atakuwa ameoa binti wa mlevi tangu leo jioni. Nisipoinywa, labda hataoa, na kosa litakuwa langu, si la binti yangu. Nampenda Georgina. Namtaka Datius awe mwanangu. Lakini hii siinywi."

Akaketi. Akaiweka mikono yake juu ya magoti, mmoja juu ya mwingine.

Rugaibula alikuwa wa kwanza kusema. Alisema ukoo umevuliwa nguo. Alisema tone moja halijawahi kumuua mtu, na kama kaka yake hawezi basi yeye yuko tayari kunywa kwa niaba yake, kwa mapenzi ya familia. Mmoja wa wazee wetu akamwambia anyamaze, mzee mwingine akasema aachwe aseme. Upande wa wageni Datius alikuwa amemtazama baba yake, amekunja mikono. Na Kahangwa alikuwa ameinuka nusu, ameshika fimbo yake, na mimi nikaona wanaondoka.

Ndipo pazia likafunguka. Georgina hakuwa ameitwa, na binti hatoki kabla ya kuitwa. Alitoka na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamwani kama tunavyoiita, ambayo humkaribisha mgeni wa kila siku. Hakuwatazama wazee wetu. Alipita mbele ya baba yake, na alipopita akamgusa bega kwa vidole, haraka, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya mzee Kahangwa.

"Waitu, karibuni kahawa," alisema. Hakusema zaidi, na shingo yake ilikuwa imekakamaa kama siku ile kanisani, lakini safari hii alikuwa upande wa baba yake.

Kahangwa akarudi akaketi. Akaiweka fimbo chini.

"Nina binti mkubwa," alisema, si kwa Georgina bali kwa mume wangu. "Niliwahi kumpeleka kwenye nyumba ambayo baba na wana wote wanakunywa. Alirudi kwangu jino halipo. Kwa habari hii ya Datius, nilipoambiwa kwamba baba wa msichana ni Rwegasira wa Kaagya, nilisema huyo hata Kamachumu tunamsikia. Nikaambiwa ameacha. Nikasema walevi wote huacha asubuhi. Mzee mwenzangu, sikuja leo kukunywesha. Nilikuja nikutazame ukishavuta ya kwanza utaishia wapi. Ningeona unaongeza, ningechukua watu wangu na kuondoka, kesho nivunje uchumba kwa jambo jingine la kusingizia."

Akachukua tunda moja la kahawa kwenye kikapu, akalivunja kwa kidole gumba. Kila mtu wetu anajua kwamba ndani ya ganda moja zinakaa punje mbili, zimelaliana. Wazee wa zamani waliokuwa wakifanyana ndugu walizipaka damu punje hizo, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kahangwa hakupaka damu. Alitia punje moja kinywani mwake mwenyewe, akaanza kutafuna, na nyingine akaivusha uwanja mzima kwa miguu yake, akamwekea Rwegasira kiganjani.

Rwegasira akaitafuna. Alitafuna kwa muda mrefu mno kwa punje ndogo vile, na nikajua analia.

Vigelegele nilivianza mimi. Sioni haya kusema, kwa kuwa mama wa binti hutakiwa kujizuia, na mimi nilishindwa. Siti akanifuata kwa vile vya kwao, vikali zaidi, na wanawake wa pande zote wakaingia. Datius alikuja kupiga magoti akagonga kiti. Georgina alirudi ndani alikotakiwa kuwa, kisha akaitwa, akatoka tena kama mtu anayetoka mara ya kwanza, na wote tukajifanya hatukumwona mwanzo.

Likabaki swali la pombe. Mitungi ilikuwa pale, imefungwa vizuri, na Rugaibula aliikumbusha hadhara kwa upole mkubwa. Alisema sasa kwa kuwa mambo yamekubaliwa, labda sheria ya kinywa cha baba imekwisha kazi yake. Kahangwa akamjibu kwamba sheria ni sheria: baba hakunywa, hakuna anayekunywa, na kwa nyumba hii kahawa imetosha. Mitungi ikarudishwa kwenye gari. Wazee wetu waliisindikiza kwa macho kama jeneza la rafiki. Ndiyo uchumba pekee ninaoujua uliosherehekewa kwa chai ya tangawizi ya duka la vitenge, na Rugaibula aliishika bilauri yake kama mgonjwa aliyeshikishwa kwinini. Lakini alikunywa, akaongeza, na kabla ya magharibi alikuwa amesimama anacheza.

Kibuyu chenyewe Kahangwa alikimwaga kwa mkono wake kwenye shina la mgomba nyuma ya banda. Mgomba ule ulizaa mkungu mzuri sana, na Rugaibula anadai tuliupendelea mgomba kuliko ndugu.

Wageni walipoondoka nilimkuta Rwegasira bandani, anamwagia ndama maji kwenye ule mtumbwi. Jua lilikuwa limelalia kibanja. Nilikuwa na furaha iliyonifanya niwe mchokozi, nikamuuliza alisikia nini alipoweka kibuyu sikioni.

Hakucheka. Alijaza maji kwanza, akasubiri ndama ainamishe kichwa.

"Ilikuwa changa, Mama Georgina," alisema. "Ilitaka usiku mmoja zaidi. Lakini ilikuwa inaimba vizuri. Miaka minne sijaisikia, nikafikiri nimesahau, na niliijua mara moja kama sauti ya mama yangu. Niliitaka. Sijawahi kutaka kitu namna ile."

Nikamuuliza, na sasa?

"Na sasa bado naitaka."

Nilikuwa nimedhani vita vimekwisha pale uwanjani, mbele ya watu, kwa vigelegele. Nikaona kwamba mume wangu alikuwa akipigana kila siku ya miaka ile minne, akiwa anapogoa migomba, akiwa anakunywa chai dukani kwa Muhidini, akiwa amelala ubavuni mwangu huku mimi nikinenepa. Na angepigana kesho. Nikajisikia kumpenda kuliko siku aliyonioa, nikamwambia hivyo hivyo, pale mbele ya ndama. Akasema asante.

Kulikuwa na gunia la maharage ya kupukuchua, maana wageni huacha kazi zikiwa zimerundikana. Nikaleta mkeka na ungo, tukaketi mlangoni pa banda, akaanzisha Rozari na mimi nikaitikia, vidole vyetu vikiwa kwenye maharage kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi ya tasbihi. Safari hii sikupoteza mahali. Tulipofika mwisho nilimuuliza tena, na sasa?

Akarusha ganda.

"Sasa imepungua," alisema. "Niongezee maharage."

Nikamwongezea.